Damu Yenye Povu

Daktari Nachiappan alikutwa amelala kifudifudi kwenye bafu la farasi, mkono mmoja umekunjika chini ya tumbo, miwani yake imevunjika kando ya mfereji. Kisogo kilikuwa kimebonyea. Bomba la maji lilikuwa bado wazi.

Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi ya shindano kubwa la mbio za farasi la mwezi wa Mei. Ukungu ulikuwa umeushika mji wote wa Ooty, milimani kusini mwa India, hata mikaratusi iliyo ng'ambo ya uwanja haikuonekana.

Inspekta Masi Bellie alifunga bomba kwa leso, akachutama kando ya maiti.

"Nani amemkuta?"

"Mfagiaji, afande," alijibu Sajini Irudayaraj. "Anasema kamgusa bega tu. Yuko kule nyuma, anakungoja."

"Mfukoni?"

"Pochi ipo, simu ipo, saa iko mkononi. Huyu hakuuawa na mwizi."

Inspekta aliinua macho ukutani. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa wiki ile ile. Juu yake palikuwa na matone mengi mekundu, madogo kama chawa, yaliyosambaa kwa upana wa mikono miwili.

"Damu ya marehemu," alisema sajini. "Kapigwa, ikaruka."

"Hebu simama hapo."

Irudayaraj akasimama ukutani. Matone ya chini kabisa yalikuwa juu ya kofia yake.

"Daktari ni mfupi kuliko wewe," alisema Inspekta. "Kapigwa mara moja, kisogoni, kaanguka mbele. Damu ya kisogo ingepandaje mpaka huko?" Alisogeza tochi karibu. "Halafu tazama. Ina povu."

Lilikuwa limeanza kukauka, rangi ya waridi, lenye vitundu vitundu kama utando wa maziwa yaliyochemka.

"Miaka ishirini na sita ya upolisi," alisema sajini, "sijaona damu inayotoa povu ukutani."

"Leo umeiona. Chukua sampuli mbili. Ya sakafuni mbali, ya ukutani mbali. Usizichanganye, Irudayaraj, nitakula na wewe sahani moja."

Daktari Anbarasi alikuja mbio, koti lake jeupe limegeuzwa nje ndani. Alikuwa daktari wa farasi kama marehemu, na msaidizi wake, mwaka wa pili kazini. Alilia kwanza, na Inspekta alimwacha alie. Kisha binti huyo alifuta macho, akautazama ukuta, na sauti yake ikabadilika.

"Ile si damu ya Daktari."

"Umejuaje?"

"Ina hewa ndani. Ile imetoka mapafuni, afande. Mapafu ya farasi."

"Farasi ana kifua kikuu?"

"Hapana, ni farasi mzima tu, ila amekimbia. Farasi akikimbia kwa nguvu zake zote, moyo unasukuma damu kwa kishindo mpaka vimishipa vya mapafu vinapasuka. Wengi huvuja kidogo, ndani kwa ndani, na hakuna anayejua. Wachache damu hupanda mpaka puani. Tena si lazima iwe pale pale uwanjani. Anarudi, mpanda farasi ameshashuka na kwenda zake, anainamisha kichwa, ndipo inapochuruzika. Akipiga chafya, ndiyo hiyo."

"Ikimtoka puani, kisha nini?"

"Mara ya kwanza anapumzishwa. Ya pili anapumzishwa zaidi. Ya tatu, basi. Hakanyagi tena uwanja wa mbio mpaka anakufa."

"Nani anaandika?"

"Daktari Nachiappan. Ana daftari lake la kijani, halitoki mfuko wa shati. Hata hekaluni huenda nalo, mke wake humsema."

Inspekta alimtazama sajini. Sajini akatikisa kichwa. Mfuko wa shati ulikuwa mtupu.

"Kuna farasi wangapi hapa?"

"Mia mbili na ushei. Lakini siku ya shindano uwanja unafunguliwa alfajiri kwa wanaoshindana siku hiyo tu. Tena wengi hawatolewi. Wapo wakufunzi wachache wanaowapa mbio fupi, wanasema ni za kuzibua pumzi. Mpima muda ana orodha."

Orodha ilikuwa na farasi kumi na mmoja. Sita kati yao walikuwa wa mkufunzi mmoja, Jamshed Vakharia.

"Unaweza kumtambua aliyevuja?"

"Nina bomba jembamba lenye taa. Linapitishwa puani, linashuka kooni, unaona mpaka njia ya mapafu. Dakika tano kwa kila farasi. Lakini siku ya shindano siwezi kumgusa hata mmoja bila idhini ya wasimamizi."

Mwenyekiti wa wasimamizi, Kanali Uthaiah, aliwapokea amesimama.

"Una uhakika ni damu ya farasi?"

"Mtaalamu wa maabara yuko njiani, anatoka Coimbatore."

"Basi akishapima, uje. Watu elfu kumi wamepanda mlima leo, Inspekta. Siwezi kuwaambia wenye farasi kwamba polisi wameona povu."

"Farasi huyo akikimbia leo?"

Kanali aliitazama saa yake. Aliyejibu ni Anbarasi, kwa sauti ndogo.

"Anaweza kumaliza salama. Au anaweza kuanguka katikati ya kundi, na aliye mgongoni akapitiwa na farasi kumi."

Shindano lilikuwa saa nane na nusu.

Vakharia alihojiwa ofisini kwake, mbele ya birika la chai na sahani ya varki, biskuti za huko, ambazo hakumkaribisha mtu. Alikuwa mzee mkavu, mwenye skafu ya hariri shingoni.

"Alhamisi uligombana na Daktari."

"Nagombana naye kila Alhamisi."

"Kuhusu nini?"

"Alitaka kumpumzisha farasi wangu kwa kikohozi. Kikohozi! Mimi mwenyewe nakohoa miaka kumi, nani ananipumzisha?"

"Saa kumi na mbili asubuhi ulikuwa wapi?"

"Jukwaani na mpima muda. Watu tisa waliniona, na wawili kati yao hawanipendi."

"Ulimchukia marehemu?"

"Sikiliza, mama. Ningetaka kumuua Nachiappan, ningemuua miaka tisa iliyopita, alipomfungia farasi wangu bora maishani. Nimemzoea. Asubuhi yangu leo haina chumvi, sina wa kugombana naye." Alisukuma sahani ya varki mbali. "Waulize masaisi. Kila farasi na saisi wake, wao ndio wanaowaogesha. Mkubwa wao ni Chellaiah."

Inspekta aliwahoji masaisi kumi na moja, mmoja mmoja. Maswali yalikuwa yale yale. Ulirudi saa ngapi? Uliogesha? Ulimwona Daktari? Majibu nayo yalifanana: ukungu, mama, hata kidole chako huoni.

Chellaiah alikuwa wa mwisho. Alikuwa na miaka hamsini na nne, mwembamba, mguu mmoja umepinda kwa teke la zamani. Hakuacha kazi alipohojiwa. Alikuwa akimpiga brashi Mukil, farasi maksai mweusi mwenye doa jeupe usoni, na kila alipopitisha brashi alifuatisha kwa kiganja.

"Ulimwogesha?"

"Nilimfuta tu, mama. Kulikuwa na baridi."

"Daktari ulimwona?"

"Sikumwona."

"Ndoo yake ya maji kavu. Humpi maji?"

"Siku ya shindano hatuwapi, mwili uwe mwepesi. Tangu jana jioni. Atakunywa baadaye, sivyo baba?" Neno la mwisho alimwambia farasi.

"Una la kuniuliza, mzee?"

"Sina, mama."

Nje, Inspekta alisimama kwa muda akitazama daftari lake.

"Vipi, afande?" aliuliza Irudayaraj.

"Nimehoji masaisi kumi na mmoja. Kumi wameniuliza Daktari kauawa na nani, kapigwa na nini, kafa saa ngapi. Mmoja hakuuliza chochote."

"Labda ana huzuni."

"Labda. Kusanya ndoo zote za mabanda ya Vakharia. Za chuma."

Saa sita na robo daktari wa maiti alipiga simu kutoka hospitali. Pigo lilikuwa moja, zito. Mfupa ulikuwa umebonyea kwa umbo la upinde, kama ukingo wa chombo cha mviringo. Robo saa baadaye mtaalamu wa maabara alivua glavu.

"Ya sakafuni ni ya binadamu. Ya ukutani ni ya farasi. Nimepima mara mbili."

Irudayaraj naye alikuwa na lake. Ndoo kumi na nne alizokusanya zilikuwa na ukoko wa pumba wa miaka. Moja tu ilikuwa imesuguliwa kwa mchanga ikang'aa kama sufuria ya harusi. Ilitoka kwenye banda la farasi namba saba, Mukil.

"Tumkamate?" aliuliza sajini.

"Kwa kosa la kuosha ndoo? Wakili atatucheka. Ndoo inasema alikuwa na usafi. Nataka farasi aseme."

Lakini Kanali Uthaiah alikuwa ameshaingia chumba cha wageni kula pilau na waziri, na aliyesimama mlangoni alikuwa na amri ya kutomwita kwa jambo lolote. Inspekta aliandika barua, akaipeleka ndani. Barua ilirudi na maneno matatu nyuma yake: *Baada ya shindano.*

Saa nane na dakika tano farasi kumi na wawili waliingia kwenye duara la maonyesho. Ukungu ulikuwa umepanda, jua limetoka kali kama linavyotoka milimani. Watu walijazana kwenye uzio, wake kwa waume, wamevaa sweta juu ya nguo za sikukuu, wakipiga kelele za majina.

Inspekta na Anbarasi walisimama bega kwa bega.

"Bila bomba," alisema Inspekta, "kuna kitu chochote naweza kukiona kwa macho?"

Anbarasi alifikiri. "Koo. Aliyevuja anameza. Damu inapanda polepole kooni, naye anaimeza. Wenzake wanameza mara chache sana."

"Wewe hesabu wa kuanzia saba hadi kumi na mbili. Mimi hawa wengine."

Farasi walizunguka. Inspekta alitazama koo, si miguu, si rangi za nguo za hariri za wapandaji. Namba moja, hakuna. Namba mbili, hakuna. Namba tano alimeza mara moja.

"Afande," Anbarasi alimshika mkono. "Saba. Huu ni mzunguko mmoja, na amemeza mara sita."

Mukil alipita mbele yao. Shingo nyeusi iling'aa, na chini ya taya kitu kilipanda na kushuka. Mara ya saba. Chellaiah alimwongoza, macho yake chini, midomo yake ikisogea bila sauti.

Kengele ya kupanda ililia.

Inspekta aliruka uzio. Mlinzi alipiga kelele, Irudayaraj akamziba kwa kifua chake. Katikati ya nyasi Imtiyaz, mpanda farasi wa Mukil, alikuwa ameshakunja goti ainuliwe, kijana wa watu mwenye kilo hamsini na tabasamu.

"Mzee Chellaiah," alisema Inspekta, bila kupaza sauti. "Anameza."

"Ana kiu, mama."

"Hajapewa maji tangu jana. Anameza nini?"

Chellaiah aliikaza kamba ya kuongozea.

"Leo alfajiri alitoka damu. Mara ya ngapi?"

"Sijui unachosema."

"Imtiyaz," aliita Inspekta, akiwa bado anamtazama saisi. "Una watoto wangapi?"

"Mmoja, afande, na mwingine yuko njiani," alicheka Imtiyaz, akakaa juu ya tandiko. "Kwani unanichumbia?"

"Umemsikia, mzee. Lango ni lile pale. Siwezi kumzuia farasi huyu, sina karatasi. Wewe unaweza. Ukiiachia kamba hiyo, atakimbia, kwa sababu hajui kingine. Unamjua kuliko sisi wote. Atafika?"

Farasi wa mbele walishaanza kutoka. Vakharia alikuwa anapunga mkono kwa hasira: twende, twende! Imtiyaz alishika hatamu, akasubiri saisi afungue kamba ya kuongozea.

Kamba haikufunguka.

"Baba Chellaiah, achia."

Mikono ya mzee ilikuwa imeishika kamba mpaka vifundo vimekuwa vyeupe.

"Achia, watatutoza faini!"

"Shuka," alisema Chellaiah.

"Nini?"

"Shuka, mwanangu!" Sasa alikuwa anapiga yowe, na duara lote liligeuka kumtazama. "Hafiki! Kifua kimejaa damu! Asikimbie, atakufa, na wewe utakufa chini yake!" Aliegemeza paji la uso kwenye shingo ya farasi. "Mimi ndiye. Mama, mimi ndiye. Shusheni mtoto wa watu."

Bomba la Anbarasi lilipita puani mwa Mukil saa nane na nusu, wakati wenzake wakishangiliwa uwanjani. Kanali Uthaiah, aliyeletwa na kelele, alichungulia kwenye kidirisha cha bomba. Aliona njia ya hewa imefunikwa na mkondo mwekundu toka juu hadi inapogawanyika. Alirudi nyuma, akavua kofia.

Kituoni, Chellaiah alipewa chai ya maziwa. Aliishika tu. Daftari la kijani alikuwa amelitoa mwenyewe, chini ya majani ya kulalia ya Mukil.

"Unaelewa kwamba unachosema kinaandikwa?"

"Kiandikwe."

"Anza alfajiri."

"Alirudi vizuri. Nilimwingiza bafuni nimfute miguu. Akainamisha kichwa kunywa, nikamvuta kichwa juu, akapiga chafya. Ndipo nikaona. Pua ya kushoto. Nikachukua sponji nikafuta, nikafuta, haikatiki. Nikageuka, Daktari kasimama mlangoni."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Pole, Chellaiah.' Akatoa daftari."

"Nawe?"

"Nikamshika miguu. Nikamwambia, Daktari, hukuona. Ukungu huu, nani ataona? Mwache amalize msimu kwa kukimbia nyuma ya wenzake, nitaongea na Imtiyaz asimsukume. Akasema, 'Ni ya tatu. Nikinyamaza, siku moja nitamzika mtu.' Akaandika. Nikamwambia, mwaka ule wa Paruthi ulisema hivyo hivyo."

"Paruthi ni nani?"

Mzee aliweka kikombe chini.

"Farasi wangu wa kwanza. Mweupe kama pamba. Miaka tisa iliyopita alifungiwa, mara ya tatu kama huyu. Maksai, mama, hana mbegu, nani atamfuga? Jike hupelekwa kuzalisha. Maksai anayevuja hupandishwa lori, anashushwa tambarare, kwenye shamba la dawa. Wanawachoma sumu ya nyoka kidogo kidogo, halafu wanawatoa damu watengeneze dawa ya watu walioumwa. Nilikwenda kumwona. Siku mbili kwa basi. Walikuwa wamesimama kwenye matope, mamia, shingo zimevimba kwa sindano. Sikumtambua. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuja mpaka kwenye waya, akaweka pua hapa." Aligusa kifua. "Nikarudi nikaapa, sitampeleka mwingine."

"Dawa hiyo imeokoa watu," alisema Irudayaraj taratibu. "Kaka yangu aliumwa na swila."

"Najua, sajini. Sikusema ni dhambi. Nilisema asiwe farasi wangu."

"Endelea," alisema Inspekta.

"Alinipa mgongo. Alikuwa anaenda kuripoti. Ndoo ilikuwa mkononi. Nilitaka asimame tu, mama. Sikuwahi kumpiga mtu maishani. Alianguka kama gunia, na Mukil akaruka, nikamtuliza yeye kwanza. Yeye kwanza! Nilipomrudia Daktari, alikuwa ameshakwenda."

"Daktari alikuwa na mke na binti."

"Nimekula kwao sikukuu ya Pongal, miaka minne." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Binti yake ndiye aliyeniandikia barua za kwenda kumtafuta Paruthi."

Nje, watu walikuwa wanashuka kutoka uwanjani, wakibishana juu ya mshindi.

"Kuna jambo silielewi," alisema Inspekta. "Umeua ili asifungiwe. Ungenyamaza kidogo tu pale langoni, nisingekuwa na kitu. Kwa nini ulipiga yowe?"

"Ulimuuliza Imtiyaz habari ya watoto." Alicheka kicheko kibaya. "Mmoja na mwingine njiani. Nikaona nitakuwa nimeua wawili, na yeye Mukil wa tatu. Basi nikamfungia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Daktari alihitaji kalamu, mimi nimeita ulimwengu mzima usikie."

Alitia saini kwa Kitamil, herufi kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani. Sajini alimshika mkono kumwinua, lakini hakuinuka.

"Mama. Atapelekwa wapi?"

Inspekta alikuwa ameshampigia Vakharia. Alijua jibu. Alimtazama mzee usoni, akaona kwamba naye analijua.

"Tambarare. Lori linakuja Jumanne."

Chellaiah aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia.

"Basi waambie wamchome upande wa kulia. Kushoto aliwahi kuvunjikiwa na sindano akiwa mdogo, anaogopa, atajiumiza. Kulia anasimama vizuri tu. Na wamwambie kabla. Wamwambie jina lake, kisha wamchome."

Inspekta Masi Bellie alivuta karatasi nyingine, isiyo na nembo ya polisi, akaandika: *Mukil. Upande wa kulia. Aitwe jina kwanza.* Aliikunja, akaiweka mfukoni mpaka Jumanne, akafungua mlango mwenyewe ili mzee apite.